Mwongozo kamili wa kuwaalika wasanii watume kazi itakayowakilisha tamasha la sanaa la jamii

Kila kamati ya tamasha la sanaa la jamii hufika siku ya kuulizana: mwaka huu bango letu litabeba picha gani? Jibu la haraka ni kumwomba mtu mmoja anayejua kompyuta atengeneze chochote. Jibu bora, ingawa lina kazi zaidi, ni kufungua mlango na kuwaalika wasanii wa jamii yenyewe watume kazi zao, kisha kuchagua moja itakayoonekana kwenye bango, tiketi, fulana, kijitabu cha ratiba na kurasa za mitandao ya kijamii. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuendesha wito huo tangu kikao cha kwanza hadi msanii anapopokea malipo yake ya mwisho. Nimewahi kuwa mshiriki na nimewahi kuwa jaji, na msimamo niliotoka nao huko ni kwamba tangazo la wito ni ahadi. Msanii anayelisoma huamua kutoa wiki mbili au tatu za maisha yake kwa kuyaamini maneno yaliyomo, na kwa hiyo kila jambo linaloweza kuzua mzozo baadaye linapaswa kuamuliwa na kuandikwa kabla tangazo halijatoka.

Hatua ya 1: Amueni mnaomba kitu gani

Matangazo mengi hukosea tangu sentensi ya kwanza, pale kamati inapoomba "nembo, mchoro au bango" kana kwamba vyote vitatu ni kitu kimoja. Nembo ni alama inayokusudiwa kudumu miaka mingi. Ni lazima itambulike hata kwa rangi moja, hata ikiwa ndogo kama kifungo cha shati, na kuitengeneza vizuri huhitaji mbunifu wa michoro aliyezoea kazi hiyo. Picha ya mwaka ni kazi kamili ya sanaa, iwe ya rangi, ya mchongo uliochapwa, ya vipande vilivyobandikwa, ya kamera au ya nyuzi, ambayo huwakilisha tamasha kwa msimu mmoja kisha ikampisha msanii mwingine. Bango ni picha hiyo ikiwa imekwisha kuwekewa jina la tamasha, tarehe, mahali na nembo za wadhamini.

Ushauri wangu ni kuomba picha ya mwaka, bila maandishi yoyote ndani yake, na kazi ya kupanga maandishi kumwachia mbunifu wa michoro. Mchoraji hodari si lazima awe hodari wa kupanga herufi, na mkimtaka afanye yote mawili mtawafukuza wengi ambao mngewahitaji. Aidha, picha inayobadilika kila mwaka huwa kumbukumbu ya tamasha lenyewe. Tamasha la jazi la Montreux nchini Uswisi, lililoanza mwaka 1967, kwa miongo mingi limekuwa likiwakabidhi wasanii mbalimbali bango la mwaka, na lile la mchoraji wa Marekani Keith Haring la mwaka 1983 bado linatajwa na watu ambao hawakuwahi kufika huko.

Hatua ya 2: Chagueni aina ya wito

Hapa ndipo haki ya msanii hulindwa au hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni wito wa wazi wa kazi mpya iliyokamilika: kila anayetaka huchora, hutuma, na mmoja hushinda. Njia hii ni rahisi kwa kamati na ni ghali kwa wasanii. Wakishiriki watu 60, watu 59 watakuwa wamefanya kazi bila malipo, tena kazi iliyotengenezwa kwa kipimo chenu na mada yenu, ambayo huenda isiuzike popote pengine. Vyama vya wabunifu wa michoro katika nchi mbalimbali vimepinga utaratibu huu kwa miaka mingi, na hoja yao ni nzito: hakuna fundi mwingine anayeombwa amalize kazi kwanza ndipo mwajiri aamue kama atamlipa.

Njia ya pili ni wito wa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza msanii hutuma picha chache za kazi alizokwisha kuzifanya, pamoja na aya moja au mbili za kueleza wazo lake, bila kuchora kitu kipya. Kamati huchagua watu 3 hadi 5, kila mmoja hulipwa kiasi fulani ili atengeneze rasimu, na mmoja wao hupewa kazi ya kukamilisha kwa malipo kamili. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza popote ambapo kuna bajeti, hata ikiwa ndogo, kwa sababu inawabana wachache na inawalipa wale inaowabana.

Njia ya tatu ni kupokea kazi ambazo tayari zipo. Msanii hutuma mchoro alioufanya kwa sababu zake mwenyewe, na kamati huchagua ule unaoendana na tamasha. Inafaa sana kwa jamii yenye wachoraji wengi wa kujifunza wenyewe, vijana na wazee, ambao kuandika maelezo ya wazo kungewatisha kuliko kuchora. Hasara yake ni kwamba picha huenda isikubali kupangwa kwenye maumbo yote mnayoyahitaji.

Mkilazimika kutumia njia ya kwanza kwa sababu fedha hazipo, basi punguzeni mzigo: ombeni rasimu ya penseli badala ya kazi iliyokamilika, na wahakikishieni washiriki wote kwamba kazi bora zitaonyeshwa kwenye ukuta wa tamasha zikiwa na majina ya wenyewe. Kwa vyovyote vile, msitoze ada ya kushiriki. Wito unaogharimiwa na wale watakaoshindwa haustahili kuitwa mwaliko.

Hatua ya 3: Hesabuni muda kutoka mwisho kurudi mwanzo

Anzeni na siku ya ufunguzi wa tamasha, kisha rudini nyuma. Matangazo kwa umma yanahitaji wiki 8. Uchapaji na usambazaji, wiki 2. Kupanga maandishi na nembo za wadhamini, wiki 2. Mkataba pamoja na marekebisho ya kazi iliyochaguliwa, wiki 3. Majaji, wiki 2. Kukagua kazi zilizoingia, wiki 1. Wito wenyewe ukae wazi wiki 8, kwa kuwa wasanii wengi wana kazi nyingine za kujipatia riziki na huchora usiku au mwisho wa wiki. Kabla ya hapo kamati inahitaji wiki 4 za kuandaa tangazo. Jumla ni wiki 30, yaani karibu miezi 7. Kamati inayoanza miezi 3 kabla ya tamasha isifungue wito hata kidogo. Imtafute msanii mmoja, impe kazi moja kwa moja na imlipe, kuliko kuwakimbiza watu.

Hatua ya 4: Andikeni masharti ya haki kabla ya kuandika sifa za zawadi

Katika nchi zilizojiunga na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za fasihi na sanaa, ambazo ndizo nyingi duniani, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kusajiliwa popote. Tangu marekebisho ya mwaka 1928 mkataba huo unatambua pia haki za kimaadili: msanii ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, na ana haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Maana yake ni kwamba kamati haianzi ikiwa na haki yoyote juu ya picha. Inazo zile tu ambazo msanii amekubali kuzitoa, na ni lazima zitajwe waziwazi ili asiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Sentensi ya kuogopwa kuliko zote ni ile inayosema kwamba "kazi zote zitakazotumwa zitakuwa mali ya waandaaji". Mara nyingi kamati huinakili kutoka tangazo la mtu mwingine bila nia mbaya, lakini athari yake ni kwamba msanii asiyeshinda hupoteza kazi yake bila kupewa kitu. Iondoeni. Anayeshindwa abaki na haki zake zote, na mwandike hivyo kwa maneno yasiyohitaji mwanasheria kuyafasiri.

Kwa mshindi, tamasha linahitaji leseni tu, yaani ruhusa ya kuitumia kazi, halihitaji umiliki. Leseni hiyo itaje mambo matano: vitu ambamo picha itatumika, muda wa matumizi, eneo la matumizi, kama msanii anaweza kuitumia kwingine wakati huohuo, na kama tamasha linaruhusiwa kuikata au kubadilisha rangi zake. Suala la bidhaa za kuuzwa, kama fulana na mifuko, lizungumzwe peke yake, kwa sababu kutangaza tamasha kwa picha ya mtu na kujipatia mapato kwa picha hiyo ni mambo mawili tofauti. Mnaweza kukubaliana kwamba msanii apate asilimia fulani ya mauzo, au alipwe kiasi cha ziada mara moja. Mchoro halisi ubaki kuwa wa msanii, isipokuwa mmeununua kwa bei yake.

Hatua ya 5: Tajeni vipimo ambavyo mchapaji atavikubali

Wakati fulani, katika jopo moja nililokuwa jaji, tulichagua mchoro wa rangi za mafuta uliokuwa umetumwa kama picha ya simu. Kwenye skrini ulipendeza. Mchapaji alipoufungua alikuta una upana wa pikseli 1,200, yaani nukta ndogo zinazounda picha, ambazo kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango cha kawaida cha uchapaji, hutoa picha ya sentimita 10 tu, wakati sisi tulitaka bango. Tukampigia msanii atupige picha upya. Akasema mchoro alikwisha kuuza, na mnunuzi yuko safarini. Tulipoteza siku 19 kwa sababu ya mstari mmoja ambao haukuwa kwenye tangazo.

Mstari wenyewe ni huu. Bango la kipimo cha A2 lina upana wa milimita 420 na urefu wa milimita 594. Kwa nukta 300 kwa inchi linahitaji faili la pikseli 4,961 kwa 7,016. La A3, lenye milimita 297 kwa 420, linahitaji pikseli 3,508 kwa 4,961. Ongezeni milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu cha mchapaji, ili A2 iwe milimita 426 kwa 600, na mwelezeni msanii kwamba chochote muhimu, kama uso wa mtu au sahihi yake, kikae ndani ya ukingo. Mabango makubwa ya kutundikwa juu, yanayotazamwa kwa mbali, huridhika na nukta 100 kwa inchi.

Katika hatua ya kutuma, hata hivyo, msidai faili kubwa. Pokeeni picha ndogo ya kutosha kwa majaji, ya megabaiti zisizozidi 5, na mwandike kwamba mshindi atatakiwa kuwa na faili kubwa au mchoro halisi wa kupigwa picha upya. Mtu anayetuma kwa simu yenye kifurushi kidogo cha data asizuiwe na uzito wa faili.

Kwa wale wanaopiga picha michoro yao wenyewe, wekeni maelekezo mafupi: mchoro usimame wima au ulazwe, kamera iwe sambamba nao kabisa ili pembe zisipinde, mwanga utoke pande mbili kwa pembe ya digrii 45 au uwe mwanga wa mchana kivulini, taa ya kamera izimwe, na kioo cha fremu kiondolewe. Kuhusu rangi, msanii anayechora kwenye kompyuta aambiwe kwamba skrini hutumia mfumo wa RGB (mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu) na wino hutumia CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi), na kwamba kijani kikali na buluu inayong'aa huwa ndizo za kwanza kufifia zinapofika kwenye karatasi.

Ombeni pia nafasi ya maandishi. Semeni kwamba sehemu moja ya picha, takriban theluthi moja juu au chini, iwe tulivu kiasi cha kubeba jina la tamasha. Msanii asiyeambiwa hili hujaza karatasi yote, kama ilivyo haki yake, na baadaye mbunifu hulazimika kufunika kwa kisanduku cheusi kile alichokichora kwa siku tatu.

Hatua ya 6: Andikeni tangazo lenyewe

Tangazo zuri husomwa kwa dakika tatu na haliachi swali. Lianze na tamasha ni nini na ni la nani, kwa sentensi mbili. Kisha mada. Mada iwe na mwelekeo bila kumfunga mtu: "umoja" ni pana mno na huzaa mikono iliyoshikana ikizunguka dunia, mara 30 katika kazi 60, ilhali "siku ambayo mtaa wote ulitoka nje" humpa msanii mahali pa kusimama. Mtindo unaofaa ni kama huu:

"Tunawaalika wasanii wa rika zote, waliosomea sanaa na waliojifunza wenyewe, kuleta kazi moja ya kuwakilisha tamasha letu la mwaka huu. Tunatafuta picha isiyo na maandishi, ya wima, kwa nyenzo yoyote ya kazi ya mkono au ya kamera. Tuma picha ya kazi yako, jina lako, namba ya simu na maneno yasiyozidi 150 kuihusu, kabla ya saa sita usiku ya siku ya mwisho. Hakuna ada. Mshindi atalipwa kiasi kilichotajwa hapa chini, nusu siku ya kusaini mkataba na nusu siku ya kukabidhi faili la mwisho. Tutaitumia kazi hiyo kutangaza tamasha kwa miezi 12. Hakimiliki inabaki kwa msanii. Ambao hawatachaguliwa watajulishwa kwa maandishi, na kazi zao hazitatumiwa kwa namna yoyote bila ruhusa yao."

Baada ya hapo wekeni tarehe zote, majina ya majaji au angalau sifa zao, vigezo vya kuhukumu na namna ya kuuliza maswali. Kiasi cha malipo kitajwe kwa tarakimu. Ahadi ya "kutangazwa kwa jina" si malipo, kwani kutajwa jina ni haki ya msanii hata asipolipwa, kama ilivyoelezwa katika hatua ya 4.

Mambo mawili zaidi yanahitaji kauli iliyo wazi. La kwanza ni picha zilizotengenezwa kwa akili unde. Amueni kama mnazikataa, mnazikubali au mnazikubali kwa sehemu, kisha mwandike. Mimi ningezikataa kwa tamasha la jamii, kwa kuwa kusudi la wito ni kuionyesha jamii mikono ya watu wake. Vyovyote mtakavyoamua, mtakeni kila mshiriki aeleze kazi yake ilivyofanywa. La pili ni watoto. Mshiriki aliye chini ya miaka 18 alete idhini ya mzazi au mlezi, na mkataba wake usainiwe na mtu mzima anayemwakilisha.

Hatua ya 7: Lifikisheni tangazo kwa wasiowafuata mitandaoni

Mkitangaza kwenye kurasa zenu tu, watakaotuma ni walewale wa mwaka jana, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chapeni tangazo kwenye ukurasa mmoja na mlibandike kwenye maktaba, shule, duka la rangi na brashi, karakana za mafundi wa mabango, vituo vya vijana na nyumba za ibada. Waombeni walimu wa sanaa walisome darasani. Andaeni mkutano mmoja wa saa moja ambapo wasanii wanaweza kuuliza maswali ana kwa ana, kisha majibu yote myaandike na kuwatumia wote, ili asiyehudhuria asiachwe nyuma. Ruhusuni kazi kuletwa kwa mkono, na awepo mtu wa kuzipiga picha. Mchoraji wa miaka 70 asiye na baruapepe ana mengi ya kusema kuhusu jamii kuliko wengi wetu.

Hatua ya 8: Pokeeni kwa daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kazi inayoingia iandikwe siku, saa na jina la mwenyewe, ipewe namba, na mwenyewe apelekewe uthibitisho siku hiyohiyo. Namba hiyo ndiyo pekee itakayoonwa na majaji. Orodha ya majina na namba itunzwe na mtu mmoja asiyepiga kura.

Wito ukifungwa, kagueni kama kila kazi imetimiza masharti. Kwa makosa madogo, kama kusahau namba ya simu, mpeni mtu siku mbili arekebishe. Kuhusu waliochelewa, shikeni saa mliyoitangaza bila kumbagua mtu, hata kama aliyechelewa ni msanii mnayempenda.

Hatua ya 9: Wapeni majaji nafasi ya kuona

Majaji wawe 5 au 7, idadi isiyogawanyika kwa mbili, na wasiwe wote wasanii. Wekeni mchoraji, mbunifu wa michoro anayejua uchapaji, mtu wa kamati, na angalau watu wawili wa jamii ambao ndio hadhira yenyewe. Kila jaji aandike kama kuna mshiriki ambaye ni ndugu yake, mwanafunzi wake au mwajiriwa wake. Akiitambua kazi ya mtu huyo, akae pembeni inapojadiliwa. Mdhamini asiwe jaji.

Vigezo nilivyoviona vikifanya kazi ni alama 40 kwa namna kazi inavyoizungumzia mada na jamii, 30 kwa nguvu yake ya kuonekana kwa mbali, 20 kwa ustadi, na 10 kwa uwezo wake wa kupangika kwenye maumbo tofauti. Mzunguko wa kwanza ufanywe kimya: kila jaji anatazama na kuandika alama zake bila kuzungumza, kwa sababu mwenye sauti kubwa akitangulia kusema, wengine huanza kuona kwa macho yake.

Kazi zikibaki 10, zichapeni. Najua ni gharama, ila haikwepeki. Katika jopo moja tulikuwa na mchoro wa mistari myembamba ya kijivu, mamia ya mistari, watu wakicheza ngoma. Mezani kila mmoja wetu aliinama akautazama kwa dakika nyingi. Tuliubandika ukutani, tukarudi nyuma hadi mlangoni, na watu wale wote wakageuka ukungu. Pembeni yake palikuwa na chapa ya mchongo tuliyokuwa tumeipita bila maneno, mwanamke mmoja amebeba tarumbeta begani kama mtungi, kwa rangi mbili tu, na kutoka mlangoni ilikuwa ni hiyo pekee iliyokuwa ukutani. Ule mchoro wa mistari tuliupa nafasi ya heshima kwenye maonyesho, mahali ambapo mtu anaweza kuusogelea. Bango lilikuwa la mwanamke wa tarumbeta.

Fanyeni majaribio hayohayo: tazameni kila kazi kutoka umbali wa hatua kumi, ikiwa ndogo kama stempu ya posta, ikiwa imetolewa nakala ya nyeusi na nyeupe, na ikiwa imekatwa kuwa mraba kwa ajili ya simu. Angalieni pia kama maandishi yatasomeka juu yake. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za intaneti inataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi ndogo na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1.

Kabla ya kumtangaza yeyote, chunguzeni kama kazi inafanana na nyingine. Itafuteni kwenye intaneti kwa kutumia picha yenyewe, na mwombeni msanii awaonyeshe rasimu zake za mwanzo. Waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020 walizindua nembo Julai 2015 na kuiondoa Septemba mwaka huohuo, baada ya mbunifu mmoja wa Ubelgiji kudai kuwa inafanana na nembo aliyokuwa ameitengenezea ukumbi wa maigizo. Mbunifu wa nembo hiyo ya Tokyo alikana kunakili. Wito mpya uliofunguliwa kwa umma uliingiza kazi 14,599, na Aprili 2016 ikachaguliwa ya msanii Asao Tokolo. Kufanana si lazima kuwe ni wizi, lakini tamasha dogo halina nguvu za kuhimili mzozo kama ule.

Hatua ya 10: Toeni matokeo

Mpigieni mshindi simu kwanza, mkubaliane, msaini mkataba, kisha ndipo mtangaze. Siku hiyohiyo, kabla ya tangazo la umma, waandikieni wengine wote. Barua iwe fupi, imtaje mtu kwa jina, itaje kazi yake, na kwa walioingia kumi bora iongeze sentensi moja ya kile majaji walichokiona. Hakuna linalowakatisha wasanii tamaa kuliko kugundua kwamba wameshindwa kwa kuliona bango la mwenzao barabarani.

Hatua ya 11: Kutoka picha hadi bango

Mbunifu apange maandishi na ampelekee msanii mpangilio kabla ya kuchapa. Msanii apewe nafasi ya kutoa maoni mara mbili, ndani ya siku zilizokubaliwa, na pasiwe na badiliko la rangi au mkato ambao hakuuona. Mdhamini akitaka nembo yake iwekwe katikati ya picha, kamati ndiyo imjibu, si msanii. Mchapaji atoe sampuli moja kwenye karatasi itakayotumika, na msanii aitazame akiwa na mchoro halisi mkononi.

Jina la msanii liandikwe kwenye kila chapisho, dogo lakini la kusomeka, pamoja na mwaka. Kwenye mitandao ya kijamii litajwe katika maelezo ya picha kila mara, pamoja na maelezo mafupi ya kinachoonekana kwa wasioona.

Tamasha likimalizika, rudisheni kazi halisi zote ndani ya wiki mbili, kila moja ikisainiwa na mwenyewe kwamba imefika salama. Futeni mafaili ya wasiochaguliwa na namba zao za simu, isipokuwa wale walioomba kukumbukwa mwaka ujao. Hesabuni fulana zilizouzwa na mmpelekee msanii karatasi ya hesabu pamoja na fungu lake. Na mabango matano yaliyobaki safi myaviringishe, mawili yawe ya msanii na matatu ya kumbukumbu ya tamasha, nyuma ya kila moja likiandikwa kwa penseli jina lake na namba aliyokuwa nayo kwenye daftari.